Mbegu ya Mama: Kurudi Kamina Kisha Miezi Mitano

Siku ya posho, tarehe 7 mwezi wa tatu mwaka wa 2020, tulifunga mlango wa depo yetu kwa kadena, tukatia ufunguo katika mfuko wa koti, tukaenda kupanda kamyo ya Lubumbashi. Prefe wa masomo alikuwa ametupa ruhusa ya siku kumi na tano. Shemeji yetu, mume wa yaya, alikuwa amefariki huko Kitwe, katika nchi ya Zambia, na kwa desturi zetu kilio cha namna ile hakitumiwi salamu za telefone. Mtu anakwenda mwenyewe, anaketi chini pamoja na wafiwa, anakula nao. Tuliondoka watu watatu: sisi tunaoandika haya, mama wa watoto, na mtoto wetu wa mwisho. Lupango tulimwachia mpwa wetu, kijana aliyekuwa anasoma hapa Kamina. Tulimwambia: "Kisha wiki mbili tuko hapa." Tulirudi kisha miezi mitano na zaidi.

Tulipoombwa kuandika katika kijitabu hiki juu ya desturi moja ya kwetu, tulifikiri kwanza mambo makubwa: Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, au lukasa, ule ubao wa shanga ambao wazee wa mbudye waliutumia kukumbuka historia ya ufalme wa Baluba. Wengine wataandika hayo vizuri kupita sisi. Sisi tumechagua jambo la nyuma ya nyumba, la bustani, ambalo wanaume wa kalamu kama sisi tunaliona dogo. Tutaandika namna mbegu inavyotunzwa katika nyumba. Hatulijui kwa kulisoma. Tulilijua kwa kosa letu wenyewe.

Mama yetu alifariki mwaka wa 2017. Hakuacha vitu vingi. Aliacha vitambaa viwili vya kuvaa siku ya Mungu, chungu kimoja kikubwa, na mbegu yake ya mahindi. Mbegu ile aliileta wakati alipoolewa, akitoka kijijini upande wa Kabongo, na aliipanda hapa Kamina kila mwaka bila kukosa. Ni mahindi meupe, yenye punje nene na gunzi jembamba, yanayokomaa mapema kidogo kuliko ya majirani. Unga wake unatoa bukari laini yenye harufu nzuri. Sisi watoto tulikula ile bukari tangu tulipoota meno, na hatukuuliza hata siku moja mahindi yanatoka wapi.

Lakini kuchagua mbegu ilikuwa kazi, na mama hakuifanya ovyo. Alianza kuchagua mahindi yakingali yamesimama. Alipita katika bustani mwezi wa tatu, akatazama shina lenye nguvu, lenye magunzi mawili, lisilolala wakati wa upepo, akalifunga utepe wa kitambaa. Lile halikuliwa bichi, hata kama mtoto analia. Baada ya kuvuna alifunga magunzi yale mawili-mawili kwa maganda yake, akayatundika jikoni juu ya mafiga. Moshi uliyapaka rangi nyeusi, na wadudu hawakuyapenda. Ilipofika wakati wa kupanda, alipukuchua punje za ncha na punje za chini akaziweka pembeni kwa kula. Za katikati peke yake ndizo alizopanda. Sisi tulisoma biolojia katika taasisi ya ualimu, tukapata diploma, tukafundisha urithi wa mimea darasani kwa miaka mingi. Hatukujua kama mama yetu, asiyejua kuandika jina lake, alikuwa anafanya somo lile lile jikoni.

Kabla ya kufa hakutupa sisi mbegu ile. Alimpa mama wa watoto wetu. Alimwita pembeni, wakaongea. Sisi hatukuulizwa.

Sasa tuseme kosa. Ni mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2019, mvua zimeshika, kila mtu anashona bustani yake kwa jembe. Jirani yetu, mama mjane anayeishi nyuma ya lupango letu, alikuja kuomba mbegu. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa imeharibika. Mama wa watoto alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Sisi tulikuwa barazani tunasahihisha makaratasi ya wanafunzi, na tulijibu kabla yake, bila kuinua macho: "Mama, hata yetu haitoshi. Utusamehe." Haikuwa kweli. Ilitosha, na ilibaki. Yule mama alisema, "Hapana mambo, Mwalimu," akarudi kwake. Tuliendelea kusahihisha.

Ile iliyobaki kisha kupanda, tulisema tuitunze kisomi. Tuliitoa juu ya mafiga, tukaipukuchua yote, tukaitia katika mfuko wa plastiki, tukaufunga vizuri, tukauweka katika depo. Tuliona jikoni ni mahali pa wazi, mwizi anaweza kupita. Shuleni tunafundisha methali: Akiba haiozi. Njo tulivyofanya. Na ile siku ya posho tuliondoka na ufunguo.

Tulifika Kitwe, tukalia, tukazika maneno ya kilio. Tarehe 10 mwezi wa tatu Kongo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19 huko Kinshasa. Tarehe 18 Zambia nayo ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza, na siku mbili baadaye shule za kule zikafungwa. Za kwetu zilikuwa zimekwisha kufungwa tarehe 19. Tarehe 24 Rais wa Jamhuri akatangaza hali ya dharura na kufungwa kwa mipaka. Kamyo za shaba na za chakula ziliendelea kupita Kasumbalesa, lakini mtu wa kawaida na mtoto wake mkononi aliambiwa angoje. Tulingoja.

Waswahili wanasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaya hakungoja hata atupe. Wiki ya tatu tulilichukua wenyewe. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na bustani, kama nyumba nyingi za kule, nasi tulilima pamoja naye. Kazi ile ilituponya kidogo, yeye kwa ujane wake, sisi kwa kukosa nyumbani. Mama wa watoto alishangaa kuona mboga ni zile zile, majina tu yamegeuka. Sombe yetu wao wanaita katapa. Matembele yetu wao wanaita kalembula. Lengalenga yetu wao wanaita bondwe. Majani ya maboga tu, chibwabwa, ndiyo yalitupokea kwa jina tulilolijua. Si ajabu sana. Wabemba wenyewe wanasimulia kama wakubwa wao wa zamani walitoka upande wa Baluba, wakavuka Luapula kuingia nchi ile. Watu walitembea, na mboga zilitembea nao katika vitunga vya wanawake.

Tukiwa kule tulifikiri pia juu ya mahindi yenyewe. Ni mgeni, kama mihogo: vyote viwili vilitoka Amerika, vikavushwa bahari, vikaingia kwetu polepole, mkono kwa mkono. Kabla yake nkambo zetu walipika bukari ya mtama na ya ulezi. Basi hata mbegu ya mama, tunayoiita ya ukoo, iliwahi kuwa mbegu ya kuomba kwa mtu mwingine. Hilo tulilifikiri huku tunapalilia, lakini hatukulifuata mpaka mwisho. Mwisho wake ungetuumiza.

Mpwa wetu alikuwa anapiga telefone kila wiki wakati alipopata yuniti. Mwezi wa ine alisema mahindi ya bustani yamekauka, anayavuna. Tulifurahi. Mwezi wa tano alisema chakula kimekuwa bei, kazi hakuna, watoto wa shangazi wamekuja kukaa naye, mahindi yanaliwa. Tulimwambia: "Kuleni." Hatukumwambia achague mbegu. Tulijua kuna mfuko katika depo, na kijana wa mjini atajua namna gani? Mwezi wa sita alisema jambo lingine:

"Mjomba, depo inatoa harufu ya vumbi. Nivunje kadena nitazame?"

"Hapana," tulijibu. "Mpaka utafunguka kesho-kesho. Usivunje mlango wa watu."

Mwezi wa saba aliuliza tena. Tulimjibu vile vile, na sauti ilikuwa kali. Tukimaliza kuongea, mama wa watoto alitutazama, hakusema neno.

Tarehe 15 mwezi wa nane mipaka ya Kongo ilifunguliwa. Yaya alitupikia mara ya mwisho, akatupa sabuni, sukari, na mfuko wa kilo tano wa mbegu chotara ya duka. "Mupande hii," alisema, "inazala sana." Tulivuka Kasumbalesa, tukalala Lubumbashi, tukapanda kamyo juu ya mizigo. Tulipita Likasi, Luena na Bukama. Ni njia ya reli ya wazee: reli iliyofika Bukama mwaka wa 1918, na mwaka wa 1928 ikapita Kamina kwenda mpaka Ilebo. Pale Bukama, tulipoona Lualaba, mtoto alipiga kelele, akafikiri tumefika. Tulinunua samaki wa moshi kwa ajili ya wale watakaotupokea. Mtu harudi mikono mitupu.

Tuliingia Kamina jioni ya siku ya tatu. Wasomaji wanajua namna Kamina ilivyo mwezi wa nane: majani yameungua, vumbi jekundu juu ya kila kitu, miembe inatoa maua. Shangazi yetu, dada ya baba, alikuwa anatungoja mlangoni na sahani ya pemba. Kwa Baluba udongo ule mweupe ni alama ya heri. Zamani aliyekuja mbele ya mfalme alijipaka pemba kifuani na mikononi. Shangazi alitupaka mikononi, sote watatu. Watu wengine wa kanisa letu hawapendi mambo haya, na sisi tunawaheshimu. Lakini mwanamke wa miaka zaidi ya 80 amengoja miezi mitano akiomba kwa Mungu na kuweka udongo wake tayari. Nani atamkatalia mkono? Na kwa sababu ugonjwa ulikataza kushikana mikono, tulisalimiana kwa kupiga makofi na kuinama, namna wazee walivyofanya. Tulipiga, nao wakaitika: "Eyo vidye."

Kesho yake asubuhi tulizunguka bustani. Mihogo ilikuwa imesimama. Mihogo ni chakula cha msafiri: inakaa katika udongo, inangoja, unang'oa ya leo, ya kesho inabaki. Mpwa na watoto wa shangazi walikula sombe mpaka matawi ya chini yakabaki uchi, lakini shina lilikuwa zima. Uzio wa upande wa njia ulikuwa umekwisha kwenda motoni. Mbuzi za watu zilikuwa zimekula mabua ya mahindi na kukanyaga matuta ya matembele. Mpwa alitufuata nyuma, kichwa chini, anangoja tumkemee. Hatukumkemea. Alikuwa amelisha watoto watano kwa bustani ile.

Kisha tulifungua depo.

Tunafundisha jambo hili darasani, basi tulieleze. Fukusi wa mahindi anatoboa punje, anataga yai ndani yake, anaziba tundu. Funza anakula punje kutoka ndani, wewe ukitazama nje unaona punje nzima. Katika joto la kwetu, wiki tano zinatosha kutoka yai mpaka mdudu mkubwa anayetoboa kutoka na kwenda kutaga tena. Miezi mitano na zaidi ni vizazi vinne, vitano. Juu ya mafiga, moshi na joto vinamkausha na kumfukuza. Katika mfuko wa plastiki, pahali pa giza pasipopita upepo, tulikuwa tumemjengea nyumba na kumwekea mlinzi mlangoni.

Mfuko ulikuwa mwepesi. Tulipoufungua, unga wa kijivu uliruka mpaka katika macho. Chini yake punje zilikuwa maganda matupu. Hata hivyo tulichagua punje 100 zilizoonekana nzima, tukazitia katika kitambaa chenye maji, namna tunavyowaonyesha wanafunzi. Kisha siku tano, mbili zilikuwa zimetoa mzizi. Na ile iliyovunwa bustanini mwezi wa ine ilikuwa imeliwa mpaka punje ya mwisho, kwa ruhusa yetu wenyewe.

Kifo cha mama tulikililia mwaka wa 2017. Hatukufikiri kama kuna kitu chake tena cha kufa. Tuliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale mlangoni mwa depo, ufunguo mkononi. Mama wa watoto alifagia lile vumbi, akalikusanya, akalitupa katika shimo. Hakutulaumu, na hakutufariji.

Siku ya saba majirani walizidi kuja kutusalimu. Jirani yetu mjane alikuja jioni, na kitunga kichwani kilichofunikwa kitambaa. Alikitua chini, akapiga makofi.

"Mama, karibu. Mwalimu, karibu. Mulirudia muzima, tunashukuru Mungu. Miye nilikuya kulipa deni yangu."

"Deni gani, mama?" tuliuliza.

"Ya mbegu. Mama Mwalimu alinipatia sahani moja, ule mwaka. Nililima, ikazala muzuri. Njo hii."

Alifunua kitunga. Magunzi yalikuwa yamefungwa mawili-mawili kwa maganda yake, meusi kwa moshi. Tuliyatambua kabla ya kuyagusa. Gunzi jembamba, punje nene.

Kwa hiyo, ile siku ya makaratasi, sisi tulipokataa, mama wa watoto alizunguka nyuma ya nyumba jioni na sahani moja chini ya kitambaa chake. Alificha jambo hilo karibu mwaka mzima. Na tangu siku tuliyofungua depo alijua mahali mbegu ilipo, akanyamaza. Baadaye tulimwuliza kwa nini. Alisema hakutaka kwenda kudai. Mbegu ya kupewa hairudishwi kwa kudaiwa. Kama jirani ameila, ameila.

Tuseme ukweli wote: jambo la kwanza tulilolisikia moyoni halikuwa shukrani. Ilikuwa hasira. Mwanaume amesema hapana katika lupango lake, na hapana yake imezungukwa. Tulikaa kimya kwa namna ambayo wanawake wote wawili waliisikia. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Ndiye aliyesema.

"Mwanangu, mbegu haiko ya mwanaume. Ule mama alikuya kuomba bibi yako. Nani alikutuma kujibu?"

Hatukuwa na jibu. Shangazi alieleza kwa sauti ya mtu anayefundisha mtoto. Mwanaume anakata miti, anavunja udongo, anajenga uzio. Mbegu inapita kwa mkono wa mwanamke: kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mtoto, kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani. Anayeomba mbegu hanyimwi, hata kama unampa konzi moja. Anayepewa anarudisha kisha mavuno, na kipimo cha kurudisha kinapita kidogo kile cha kupokea. Mama wa watoto naye aliongeza neno moja, lile aliloambiwa na mama yetu walipoitana pembeni: "Ukinyima mbegu, umejinyima weye."

Tulipiga makofi mbele ya yule jirani, tukainama, tukamwomba msamaha kwa neno la mwaka uliopita. Alicheka. Alisema alikuwa amelisahau. Hatusadiki.

Mwezi wa kumi mvua zilirudi. Shule nazo zilifungua mwaka mpya tarehe 12 ya mwezi ule ule. Tulilima asubuhi kabla ya kwenda darasani. Mbegu chotara ya yaya tulimshukuru na tuliipanda, lakini hapa biolojia yetu ilisaidia kidogo, na mama wa watoto aliikubali. Mbegu chotara inazaa sana mwaka wa kwanza. Ukipanda tena punje zake, watoto hawafanani na mzazi, na mavuno yanashuka. Kwa sababu hiyo kila mwaka lazima urudi dukani. Tena chavua ya mahindi inapeperushwa na upepo: ukipanda aina mbili karibu-karibu, zikatoa maua wakati mmoja, zinachanganyika, na mbegu ya mama ingepotea mara ya pili, mbele ya macho yetu. Basi ya mama tuliipanda kwanza, mvua ya kwanza iliposhika. Ya yaya tuliipanda kisha mwezi mmoja, upande mwingine wa lupango, ili maua yasikutane.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2021 tulipita bustanini na tepe za kitambaa, mama wa watoto mbele, sisi nyuma tunabeba mkasi. Yeye anachagua, sisi tunafunga. Magunzi yalirudi juu ya mafiga. Mwezi wa kumi wa mwaka ule sahani za mbegu zilikwenda katika nyumba nne: kwa jirani yetu mjane, kwa shangazi, kwa mwalimu mwenzetu aliyekuwa na mashamba kwenye njia ya kwenda Base, na moja katika mfuko wa mtu aliyekuwa anasafiri, mpaka Kitwe. Mpwa wetu naye amekwisha kuoa. Mke wake alipata ya kwake siku ya kuingia nyumbani, kabla ya kupewa sufuria.

Tangu pale imekuwa vile kila mwaka. Hatuandiki majina, hatuhesabu deni. Mwaka mmoja kitunga kinarudi kimejaa, mwaka mwingine hakirudi. Lakini sasa mbegu ya mama inalala katika nyumba tano au sita, na hakuna fukusi, wala mwizi, wala mpaka uliofungwa, utakaozikuta zote kwa siku moja.

Methali ya Akiba haiozi tungali tunaifundisha, ni ya kweli kwa mambo mengi. Ila sasa tunawaambia wanafunzi habari ya ule mfuko, tunawauliza: akiba ya mbegu inawekwa wapi? Wengi wanasema katika depo. Mwaka uliopita msichana mmoja wa mwaka wa ine alisema: "Kwa watu." Tulimwuliza alilisoma wapi. Alisema kwa nkambo yake.

Wasomaji wapenzi, ninyi mliosoma kama sisi, mnaofanya kazi katika ofisi na shule za Kamina, na bustani nyuma ya nyumba zenu: hapana shaka katika jiko la mama zenu kuna kitu kimetundikwa juu ya moto. Muulizeni kinatoka wapi, na ni nyumba gani nyingine inacho. Muulizeni angali hai. Na mtu akija kuomba mbegu katika lupango lenu wakati mnasahihisha makaratasi, msijibu. Mwacheni mwenye mbegu ajibu.